HIRIZI UWANJANI: SOMO KWA WAZAZI NA VIJANA WALIOKO VYUONI

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Samweli 4, Matendo 19:11-20, 1 Wakorintho 9:24-27.



Mwezi uliopita tulijiwa nyumbani na kijana mmoja wa mtaa wetu, ambaye sasa yuko chuoni na alikuwa amekuja Bumbuli kwa likizo fupi. Alituamkia vizuri, akaketi, akanywa chai, akazungumza habari za masomo na za ukungu wa huku juu, lakini tulimwona kuwa ana neno. Hatimaye akatoa mfukoni chupa ndogo ya soda, imeoshwa na kukaushwa.

Akasema, "Mwalimu, Padre sikumkuta. Naomba unisaidie kumwambia anijazie maji ya baraka. Jumamosi ijayo chuo chetu kinacheza fainali, na mimi ndiye golikipa."

Tukamwuliza, "Maji hayo utayafanyia nini, mwanangu?"

Akajibu bila kuficha, maana amelelewa vizuri, kwamba atayanyunyiza kwenye milingoti ya goli kabla ya mpira kuanza, na yatakayobaki atayafukia pamoja na chupa yake nyuma ya wavu. "Wenzetu wana mtu wao, Mwalimu," akasema. "Sisi Wakristo tufanye nini? Si bora maji ya kanisa kuliko dawa?"

Twakiri kwamba swali hilo lilitushinda pale pale. Tulimwambia aiache chupa mezani, arudi kesho yake jioni. Usiku ule tulisoma, tukafikiri, tukakumbuka mambo ambayo kwa miaka zaidi ya 40 tulikuwa hatupendi kuyakumbuka. Somo la mwezi huu limetoka katika usiku ule.

Sisi tuliosomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980 twayajua mambo haya kwa macho, si kwa kusikia. Chuo chetu hatutakitaja, maana hakikuwa kibaya kuliko vingine. Timu yetu ya mpira ilikuwa na mwalimu wa mazoezi, ilikuwa na kapteni, na zaidi ya hao ilikuwa na kamati ya ufundi. Mgeni akisikia jina hilo angedhani ni watu wa kushona mipira na kutengeneza nyavu. Lo! Kazi ya kamati hiyo ilikuwa kumtafuta mganga, kuchangisha fedha za kumlipa, na kuhakikisha kwamba miiko yake yote inashikwa. Sisi nasi tulichanga. Shilingi tano zetu zilitoka katika fedha tulizopewa na wazazi kwa ajili ya sabuni na madaftari.

Miiko yenyewe ilikuwa mingi, na kila mwaka iliongezeka, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuondoa hata mmoja. Siku tatu kabla ya mchezo wachezaji walilala sakafuni katika darasa moja, mlango umefungwa. Hawakuruhusiwa kupeana mkono na mwanamke yeyote. Viatu vyao vilipangwa mstari mmoja, vimeelekea uwanjani. Asubuhi ya mchezo waliogeshwa maji ya majani kutoka ndoo moja, kwa kufuata namba za jezi zao. Gari lililowachukua halikupaswa kurudi nyuma hata hatua moja, hivyo dereva akikosea njia ilikuwa ni msiba. Walipofika hawakupita langoni. Walipenya katika ua wa minyaa, kinyumenyume. Wasichana wa mpira wa pete walikuwa na kitambaa kimoja cha kichwa ambacho hakikufuliwa tangu siku waliposhinda mara ya kwanza, na wewe msomaji waweza kukisia hali yake ilivyokuwa mwisho wa muhula. Tena alikuwako mwenzetu mmoja wa mbio za mita 1500 ambaye siku ya mashindano hakula kitu ila kiporo cha ugali, kwa sababu alipata kushinda siku moja baada ya kula kiporo. Huyo tulimcheka sana, nasi tuliomcheka tulikuwa na hirizi mifukoni.

Lakini lilikuwapo jambo ambalo leo hatuwezi kulicheka. Kila mchezaji alichanjwa chale mkononi na mguuni, akatiwa unga mweusi. Wembe ulikuwa mmoja kwa watu 14, yaani wachezaji 11 na wale wa akiba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera, na baadaye ndipo sote tukafundishwa kwamba wembe wa mmoja si wembe wa wawili. Wenzetu wale hawakujua. Vijana wa leo wanajua, na bado twasikia kwamba wapo wanaochanjwa kwa wembe mmoja. Mbali na UKIMWI yako pia maradhi ya ini yanayopita katika damu kwa njia hiyo hiyo. Mzazi asiyeweza kumweleza mwanawe jambo lingine lolote katika somo hili, basi amweleze hili.

Sasa tuseme habari ya golikipa wetu. Alikuwa kijana mpole wa kutoka milima hii hii, hodari wa hesabu kuliko sisi sote. Katika mchezo wa mwisho na chuo cha jirani mvua ilinyesha, na dakika za mwisho mpira mwepesi kabisa ulimponyoka mikononi ukaingia golini. Tukafungwa. Jioni ile kamati ya ufundi ilikaa. Haikuuliza juu ya tope wala juu ya mabeki waliosimama wakitazama. Iliuliza swali moja tu: nani amevunja mwiko? Mtu mmoja akasema kwamba alimwona golikipa juzi yake karibu na bomba la maji akipeana mkono na mwanamke. Ilikuwa kweli. Mwanamke yule alikuwa dada yake, aliyekuja kumpa habari kwamba mama yao ni mgonjwa.

Hayo hayakumsaidia. Godoro lake lilitolewa nje. Mezani alipoketi, wengine waliinuka. Walimwita msaliti, wakasema amehongwa na wapinzani, wakamwandikia ukutani. Baada ya wiki mbili alichukua sanduku lake, akaenda zake. Alibakiza muhula mmoja tu apate cheti cha ualimu, naye hakurudi tena.

Sisi tunaoandika haya tulikuwa pale mezani. Hatukumtukana. Lakini wenzetu walipoinuka, nasi tuliinuka.

Miaka mingi baadaye tulikutana naye Soni, akingoja gari na magunia yake ya maharage. Alitusalimu kwa furaha kuliko tulivyostahili. Katika mazungumzo alitueleza jambo tusilolijua: asubuhi ile, baada ya kuogeshwa, mganga alimpaka viganja mafuta ya dawa ili mikono yake inase kila mpira. Mvua ilipoanza, mafuta yale yakawa utelezi. Alijaribu kuyafuta kwa jezi, wenzake wakampigia kelele aache, asije akaiondoa dawa.

Mtu asidhani kwamba tunasema haya kuwadharau watu wetu. Mambo haya yapo dunia nzima. Mchezaji maarufu wa mpira wa kikapu wa Marekani, Michael Jordan, alipokuwa akichezea timu ya Chicago, alivaa ndani ya kaptura yake kaptura nyingine ya chuo kikuu alichosoma, kile cha North Carolina, kwa kuwa aliamini ina bahati. Msomi mmoja wa Marekani, George Gmelch, ambaye mwenyewe alikuwa amecheza mchezo wao wa kupiga mpira kwa gongo, aliandika mwaka 1971 juu ya miiko ya wachezaji wenzake. Aliona jambo la maana. Warushaji na wapigaji wa mpira walikuwa na miiko mingi sana, kwa sababu hata mpigaji bora hufaulu karibu mara 3 tu katika 10. Lakini wadakaji, ambao hukosea kama mara 3 katika 100, hawakuwa na miiko karibu yoyote juu ya kudaka kwao. Wachezaji ni wale wale na uwanja ni ule ule. Palipo na hakika mtu hutumia mikono yake. Palipo na bahati nasibu hutafuta dawa.

Gmelch alikuwa amejifunza wazo hilo kwa Malinowski, aliyekaa katika visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Malinowski aliwaona wavuvi wa kule wakivua ndani ya ghuba tulivu bila uganga wowote, kwani samaki walipatikana kwa hakika. Lakini walipotoka kwenda bahari kuu, penye hatari na mashaka, walikuwa na kafara na maneno ya kila namna. Wazee wetu wa Tanga na Pangani wangemwelewa mara moja.

Na mwiko wenyewe huzaliwaje? Mwaka 1948 mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Skinner aliwafungia njiwa wenye njaa katika masanduku, na chakula kikawa kinaletwa kila baada ya muda fulani, hata njiwa afanye nini. Baada ya kitambo njiwa walio wengi walikuwa na desturi zao. Mmoja alizunguka, mwingine aliinua kichwa pembeni, kana kwamba hayo ndiyo yaliyoleta nafaka. Kila mmoja alikuwa akirudia lile alilokuwa akilifanya chakula kilipotokea. Tulipoyasoma hayo tulimkumbuka yule rafiki yetu wa kiporo.

Katika Afrika mambo haya yamefika hata penye mashindano makubwa. Mwaka 2002, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika huko Mali, Thomas Nkono, golikipa wa zamani wa Kameruni aliyekuwa akiwafundisha makipa wa timu yake, alikamatwa na polisi uwanjani kwa kushukiwa kwamba ameweka dawa. Mwaka 2003 iliripotiwa kwamba vilabu vyetu viwili vikubwa vya Dar es Salaam, Simba na Yanga, vilitozwa faini kwa mambo ya namna hiyo, ya unga na mayai yaliyovunjwa uwanjani. Mwaka 2016 huko Rwanda mchezaji mmoja alikimbilia mlingoti wa goli la wapinzani, akaondoa kitu, akafukuzwa na golikipa, na baadaye akafunga bao; chama cha mpira cha nchi ile kikalazimika kuweka adhabu. Watu walicheka. Lakini Septemba 2008, katika mji wa Butembo, Kongo ya mashariki, golikipa mmoja alishutumiwa katikati ya mchezo kwamba anafanya uchawi. Ugomvi ukaanza uwanjani, polisi wakaingia, umati ukakimbilia milangoni, na watu zaidi ya 10 wakafa kwa kukanyagwa, wengi wao wakiwa vijana wadogo.

Hapo ndipo tulipomkumbuka tena golikipa wetu. Twapenda kuwaambia vijana kwamba dawa ni mbaya kwa kuwa haifanyi kazi. Neno hilo ni la kweli, lakini ni dogo. Ubaya mkubwa ni kwamba dawa haikubali kushindwa. Timu ikifungwa, dawa haiwezi kuwa na kosa, basi sharti apatikane mtu mwenye kosa. Atatafutwa, na atapatikana, na aghalabu atakuwa yule asiye na wa kumtetea.

Wazee wetu Wasambaa waliliona jambo hili zamani, kabla ya mpira. Walisema kwamba panapokuwa na mtawala mmoja mwenye nguvu, nchi hupona na mvua hunyesha; hiyo ndiyo waliyoiita kuzifya shi. Lakini watawala wawili wakishindana kwa dawa za mvua, huyu akifunga na yule akifungua, hiyo ni nguvu kwa nguvu, nayo huleta njaa. Ndiko kubana shi. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, Walilindi wakapigania Vugha kwa muda mrefu, na watu wa kawaida ndio walioumia. Sisi hatuamini kwamba mvua i mikononi mwa mfalme. Lakini hekima iliyomo ndani ya maneno yale yafaa hata uwanjani: kamati mbili za ufundi zikishindana, kitakachokufa ni mchezo wenyewe, na urafiki wa vyuo viwili.

Turudi sasa kwenye swali la kijana wetu. Yeye hakuomba dawa. Aliomba maji ya baraka. Si bora?

Someni 1 Samweli 4. Waisraeli walipigwa na Wafilisti, wakapoteza watu wapata 4,000. Wazee wakauliza swali zuri sana: kwa nini Bwana ametuacha tupigwe leo? Lakini hawakungoja jibu. Hapo hapo wakasema sanduku la agano liletwe kutoka Shilo. Kama wangalingoja, pengine wangaliambiwa habari za Hofni na Finehasi, wana wa Eli, waliokuwa wakila nyama za sadaka kwa nguvu na kuwadhulumu watu. Sanduku likaja, na hao hao Hofni na Finehasi wakiwa pamoja nalo. Watu wakapiga kelele hata nchi ikavuma, na Wafilisti wakaogopa. Kisha Israeli wakaanguka 30,000, na sanduku likatekwa. Angalieni, sanduku halikuwa kitu kibaya. Lilikuwa kitu kitakatifu kuliko vyote walivyokuwa navyo, nao walikigeuza hirizi. Kitu kitakatifu kikitumiwa kama hirizi hakiwi hirizi bora. Ni utakatifu uliovunjiwa heshima.

Msomaji mwangalifu atatupinga kwa Matendo 19. Je, leso na nguo zilizogusa mwili wa Mtakatifu Paulo hazikuwaponya wagonjwa kule Efeso? Ndiyo, ziliwaponya, na sisi wa Kanisa lililotoka katika misheni ya UMCA, ambao hatuyaonei haya maji ya baraka wala ishara ya msalaba, hatuwezi kuiruka aya hiyo. Lakini tusome mbele kidogo. Tunaambiwa wazi kwamba ni Mungu aliyefanya. Tena waliopata kitu walikuwa wagonjwa, na hakuna mtu aliyefungwa au kuangushwa ili wao wapone. Mara tu baada ya hapo wanatokea wana saba wa Skewa, ambao hawakumtaka Yesu ila walilitaka jina lake, walitumie kama chombo cha kazi. Hao walitoka mbio wamejeruhiwa na nguo hawana. Na Waefeso walioamini walipochoma vitabu vyao vya uganga, thamani yake ilihesabiwa vipande 50,000 vya fedha. Mambo haya siku zote yana gharama, na siku zote mwenye kulipa ni yule mwenye hofu.

Basi maji ya baraka hutukumbusha Ubatizo wetu. Yananyunyizwa juu ya watu na nyumba na kazi zao ili wawe wa Mungu. Mlingoti wa goli haukubatizwa. Na chupa iliyofukiwa nyuma ya wavu, hata ikiwa na maji ya Yordani, inasema jambo lile lile linalosemwa na yai la mganga: kwamba mwenzangu azuiwe. Vivyo hivyo ishara ya msalaba. Golikipa akiifanya kabla ya penalti, twamsifu, kama anamkiri Bwana wake na kujiweka mikononi mwake, bao liingie au lisiingie. Lakini kama anaifanya kwa hofu kwamba akiisahau atafungwa, amekwisha kuitoa msalabani na kuitia mfukoni pamoja na hirizi. Sisi kwa nje hatuwezi kujua ni ipi. Yeye anajua.

Wengine watauliza: je, tusiombe kabisa kushinda? Golikipa wa upande wa pili pengine naye ni Mkristo, na mama yake anapiga magoti Mlalo au Korogwe. Mungu amsikilize nani? Twakiri kwamba hatuna jibu la hesabu. Mtoto humwambia baba yake kila anachokitaka, nasi hatuoni dhambi kijana akimwambia Mungu kwamba anatamani sana kushinda. Ila amwombee na yule wa upande wa pili asivunjike mguu, kwa jina lake kama analijua. Sala ya namna hiyo haiwezi kugeuka hirizi.

Lazima pia tuwe waangalifu tusikemee kila desturi. Mchezaji anayefunga viatu vyake kwa utaratibu ule ule, akavuta pumzi tatu, akautazama mpira, huyo anaituliza akili yake, na walimu wa michezo hufundisha hivyo. Sisi wenyewe kabla ya kuingia darasani tulipanga chaki zetu kwa namna moja kwa miaka yote. Tofauti ni nyepesi kuipima. Desturi ikisahauliwa, je, mtu anacheza vilevile, au anatetemeka? Ikiwa anatetemeka, basi si yeye anayeishika desturi, bali desturi imemshika yeye. Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2010 huko Ujerumani watu waliopewa mpira wa gofu na kuambiwa kwamba ni wa bahati walionekana kulenga vizuri kuliko wengine, na habari hiyo ilienea sana. Mwaka 2014 wengine huko Marekani walilirudia jaribio hilo kwa watu wengi zaidi, wala hawakuona tofauti. Na hata kama imani ya bahati humtia mtu moyo kidogo, swali letu la wembe na la godoro lililotolewa nje linabaki pale pale.

Tunao watu wa kuwatajia vijana wetu. Filbert Bayi, tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa kuongoza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. John Stephen Akhwari huko Mexico mwaka 1968 alianguka katika mbio ndefu, akaumia goti, akafika wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, mguu umefungwa bendeji. Sisi walimu tulimtaja huyu wa pili darasani mara nyingi kuliko washindi wengi wenye medali. Mtakatifu Paulo anapowaandikia Wakorintho juu ya mbio, anataja kujizuia na kuutiisha mwili. Bahati haitaji.

Kijana wetu alirudi kesho yake jioni. Tulimweleza hayo, si kwa urefu huu. Tukamweleza na habari ya golikipa wetu, pamoja na shilingi zetu tano. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Sasa, Mwalimu, wakinichangisha niseme nini?" Tukamjibu aseme hana fedha ya kazi hiyo, na asiwahubirie mpaka waulize. Chupa aliiacha mezani. Jumapili Padre alimwekea mikono baada ya Ekaristi, akaziombea timu zote mbili, na baadhi ya kina mama walinung'unika kidogo kwa ajili ya ile ya pili.

Najua wasomaji watauliza matokeo. Walifungwa bao moja bila. Alitupigia simu mwenyewe usiku ule. Bao lenyewe, asema, lilikuwa la kona, wala hakuna golikipa ambaye angelizuia. Lakini jioni ile ile bwenini waliketi na kuanza kuulizana ni nani aliyekataa kuchanga na kukataa kupakwa dawa, na wote wanajua ni nani. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu. Tulimwambia asilale peke yake, amwendee asubuhi mlezi wa wanafunzi, na asiliondoe sanduku lake chuoni kwa sababu yoyote kabla hajazungumza nasi.

Padre nasi tutakwenda kumtembelea Jumamosi ya wiki ijayo, na tutaketi naye mezani katika bwalo lao, mbele ya wenzake. Gari litaondoka kanisani saa 11 alfajiri. Nafasi ziko tatu. Twapenda vijana wawili wa umri wake na mama mmoja. Wanaotaka watupe majina yao baada ya Sala ya Jioni. Kikundi cha Biblia cha Jumatano kitasoma 1 Samweli sura ya 4 hadi ya 6. Njoni na Biblia zenu, na mwenye taa aje nayo, kwa kuwa umeme siku hizi hauaminiki.